Nehemia Ukutani: Neno kwa Vijana Wetu Wasomao Siasa

Neno letu la mwezi huu latoka katika Kitabu cha Nehemia, mlango wa 2, tangu mstari wa 11 hata wa 18. Twawasihi, na hasa ninyi wainjilisti mtakaowasomea watu maneno haya katika mitaa asikofika mchungaji kila Jumapili, mlisome kwanza fungu lenyewe polepole, kisha mrudi hapa.

Tumekusudia kusema habari za vijana wetu walio katika vyuo vikuu wakijifunza elimu ya siasa. Zamani usharika ulipompeleka kijana shuleni ulijua atarudi mwalimu, au mganga wa hospitali, au karani. Siku hizi mzazi huulizwa, “Mwanao asoma nini huko Dar es Salaam?” naye hujibu kwa sauti ndogo, “Asoma siasa,” kana kwamba ametaja ugonjwa wa nyumbani. Wako wazazi wanaosikitika wazi wazi. Husema, siasa ni mchezo mchafu, kijana amepotea, na ng'ombe tuliwauza bure. Tena wako wanaofurahi kupita kiasi, wakidhani mtoto akiisha kuvaa joho atafanywa mkuu wa wilaya, na ukoo wote utakula kivulini mwake. Nasi twaona ya kuwa huzuni ile na furaha hii zimepikwa katika chungu kimoja. Wote wawili wanadhani siasa ni kiti. Mmoja achelea kiti kisimchafue mwanawe, na mwenziwe akitamani.

Basi na tuulize siasa ni nini kabla haijawa kiti. Ni habari ya watu wengi kukaa pamoja mahali pamoja pasipo kudhulumiana: kisima kitunzwe na nani, mpaka wa shamba upimwe na nani, fedha ya wote iwekwe wapi, na ihesabiwe mbele ya macho ya nani. Ninyi mnaofundisha Katekisimo Ndogo mmewakaririsha watoto maelezo ya ombi la nne katika Sala ya Bwana, lile la riziki yetu. Je, mmeangalia ni vitu gani ambavyo Luther alivihesabu ndani ya riziki ile? Alitaja chakula na mavazi, nyumba na shamba na mifugo, kama tulivyotazamia. Lakini hakuishia hapo. Aliwataja na watawala waaminifu, na serikali njema, na amani, na majirani wema. Kwa hiyo kila aombaye mkate ameomba na serikali njema papo hapo, ajue asijue. Kijana ajifunzaye jinsi serikali njema ifanyikavyo anajifunza habari ya mkate. Hana sababu ya kuona haya, wala baba yake hana sababu ya kunong'ona.

Lakini liko jambo moja tunaloliogopa kwa ajili ya kijana huyu, nalo si lile ambalo watu wanaliogopa. Twaogopa asije akamaliza miaka mitatu akijifunza habari za watu bila kuwaona watu. Hapo ndipo tunapomwita Nehemia.

Nehemia alikuwa mnyweshaji wa Artashasta, mfalme wa Uajemi, katika Shushani ngomeni. Mtu asidhani kwamba kazi ile ilikuwa ya kumimina divai tu. Mnyweshaji alisimama karibu na mfalme kuliko mawaziri wengi. Alisikia mashauri, alijua ni neno gani lipelekwalo kwa barua na ni neno gani lisemwalo kwa kinywa, alijua saa ya kuomba na saa ya kunyamaza. Twaweza kusema bila kukosea kwamba aliishi katika chuo cha utawala. Na elimu yake yaonekana. Alipopewa ruhusa ya kwenda Yerusalemu hakuondoka kwa pupa. Aliomba barua kwa maliwali wa ng'ambo ya Mto, ili wampitishe, tena akaomba barua kwa Asafu, mwenye kuutunza msitu wa mfalme, ili apewe miti ya malango. Wengi wenye moyo mwema wangaliisahau miti. Nehemia aliikumbuka, kwa kuwa alijua jinsi dola iendeshwavyo.

Sasa angalieni alivyofanya alipofika. Alikaa siku tatu kimya. Kisha akaondoka usiku, yeye na watu wachache, na mnyama mmoja tu aliyempanda, akauzunguka mji akiutazama ukuta uliobomoka na malango yaliyoteketezwa kwa moto. Wala hakuwaambia wakuu, wala makuhani. Akafika mahali ambapo kifusi kilikuwa kingi hata mnyama asipate njia ya kupita chini yake. Twapenda kulitafakari neno hili dogo la mnyama. Katika Shushani Nehemia alikuwa amesikia kwa ndugu zake ya kuwa ukuta umebomoka, naye alilia akafunga siku nyingi. Habari alikuwa nayo. Lakini ukubwa wa kifusi hakuujua mpaka mnyama wake aliposhindwa kupita. Hakuna kitabu katika maktaba ya mfalme ambacho kingalimwambia hilo. Ndipo, baada ya kuona, akafungua kinywa chake mbele ya watu. Na hakuwaambia, “Jengeni.” Alijiweka pamoja nao katika taabu ile, akasema kwa habari ya “sisi”.

Mlango wa 3 huurukwa na wasomaji wengi kwa sababu ni orodha ya majina. Sisi twauona kuwa kati ya milango yenye utamu. Mfua dhahabu yumo, na mwenye kutengeneza marashi yumo, watu ambao mikono yao haikuzoea mawe. Shalumu yumo pamoja na binti zake. Wengi wamejenga mkabala wa nyumba zao wenyewe. Na wakuu wa Tekoa nao wamo, ila wameandikwa kwa kuwa hawakuziinamisha shingo zao kwa kazi. Ndiyo sifa yao iliyobaki tangu siku zile hata leo, miaka zaidi ya 2,400.

Tena someni mlango wa 5. Katikati ya ujenzi palitokea kilio cha watu na wake zao. Walikuwa wameweka rehani mashamba na mizabibu yao wapate nafaka, wamekopa fedha ya kodi ya mfalme, na wana wao walikuwa wakitiwa utumwani. Na waliowakopesha ni ndugu zao wenyewe, wakuu waliojenga pamoja nao. Nehemia alikisikia kilio kile kwa kuwa alikuwepo ukutani. Angalikaa Shushani akipelekewa taarifa, taarifa ingalisema kwamba ujenzi waendelea vizuri. Akakusanya mkutano mkubwa, akawashindania wakuu mbele ya watu wote, hata wakarudisha mashamba. Hapo elimu ya barazani na mikono yenye vumbi vilifanya kazi moja, wala mtu hawezi kusema ni kipi kilichowaokoa wale watoto.

Na tutoe mfano wa kwetu. Tuseme pana mjane, na vijana wa usharika humchotea maji mtoni kila Jumamosi, ndoo kwa ndoo. Kazi hiyo ni njema, na Bwana aiona. Lakini hatua mia kutoka nyumbani kwake pana bomba lililokauka tangu miaka minne. Fedha ya kulitengeneza ilichangwa, ikakabidhiwa mtu, na mpaka leo hajaulizwa. Vijana wale watachota mpaka wazeeke. Na huko chuoni yuko kijana wa kijiji hicho hicho aliyeandika kurasa 40 juu ya uwajibikaji wa viongozi, akasifiwa na walimu wake, na bomba hajaliona. Mmoja ana ndoo, mwingine ana kurasa. Sisi twatamani wakutane njiani.

Asiwepo mtu wa kutuambia kwamba haya ni mambo ya dunia yasiyolihusu Kanisa la Kiluteri. Mwaka 1523 usharika wa mji mdogo wa Leisnig, katika nchi ya Saksonia, ulitunga kanuni za sanduku la wote, na Luther mwenyewe akaziandikia utangulizi. Sanduku lile lilikuwa la kuwalisha maskini, kuwatunza wazee na yatima, kumlipa mchungaji na mwalimu wa shule, na kuweka akiba ya nafaka kwa siku za njaa. Wakachaguliwa wasimamizi kumi: wawili wa masharifu, wawili wa baraza la mji, watatu wa watu wa mjini, na watatu wa wakulima wa vijijini. Na sanduku lilikuwa na kufuli nne zisizofanana, kila kundi katika hayo manne likishika ufunguo wake, hata lisifunguke pasipo wote kuwapo. Tena hesabu zilisomwa mbele ya mkutano wa usharika. Nani aliyewafundisha watu wa Leisnig kwamba mwenye hurufu na asiye na hurufu washike funguo sawasawa? Waliamini kwamba kila Mkristo ni kuhani kwa ubatizo wake, na imani ile ikashuka mpaka kwenye kufuli. Sisi twaiona habari hii kuwa mahubiri makubwa kuliko mengi yaliyohubiriwa mimbarani, yetu yakiwamo.

Mtauliza, je, kijana akianza mambo haya mapema, huzaa nini mwishoni? Tutachukua mfano wa mbali kidogo, kwa kuwa mwisho wake umekwisha kuonekana. Clement Attlee alizaliwa mwaka 1883 karibu na London, mtoto wa mwanasheria mwenye nafasi. Alijifunza historia katika chuo kikuu cha Oxford, akamaliza mwaka 1904, akaingia kujifunza sheria. Katika Oktoba 1905, akiwa na miaka 22, alikwenda kutazama nyumba moja ya vijana katika Stepney, upande wa mashariki wa London, mahali pa makuli wa bandari na mafundi maskini. Shule aliyosoma utotoni ndiyo iliyoisaidia nyumba ile. Alikwenda kutazama tu. Akawa anarudi juma kwa juma kuwafundisha vijana bila malipo, na mwaka 1907 akawa msimamizi, akahamia kukaa kule kule.

Nyumbani kwao alikuwa amelelewa kudhani kwamba umaskini ni matunda ya uvivu na ulevi. Katika Stepney alikuta watu wasio wavivu wala walevi, waliofanya kazi tangu alfajiri, na bado walikosa kodi ya chumba. Hapo mawazo yake yakageuka. Baadaye alifundisha katika chuo cha London jinsi ya kuwahudumia watu, na baada ya vita ya kwanza, mwaka 1919, akawa meya wa Stepney. Akiwa meya aliwabana wenye nyumba waliotoza kodi kubwa wasitengeneze paa wala choo. Alijua ni nyumba zipi, maana alikuwa amezipita kwa miguu. Mwaka 1945 akawa waziri mkuu wa Uingereza, na tarehe 5 Julai 1948, chini ya serikali yake, matibabu yakaanza kutolewa kwa kila mtu wa nchi ile pasipo kulipa mlangoni mwa hospitali. Ni serikali hiyo hiyo iliyoiweka Tanganyika yetu chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa mwaka 1946. Attlee hakuikiri imani ya Kanisa kama tuikirivyo sisi, wala hatumweki madhabahuni. Twasema tu kwamba tangu ile jioni ya Oktoba mpaka siku ile ya Julai ni karibu miaka 43, na kwamba mwanzo wake ulikuwa chumba kimoja chenye vijana wenye kelele.

Tena tusiende mbali. Mwalimu Nyerere, alipokuwa Makerere, tangu 1943 hata 1945, aliwaunganisha wanafunzi wenziwe wa Tanganyika katika chama. Akaja Tabora kufundisha katika shule ya St. Mary's. Kazi ya shule ilimtosha mtu. Lakini jioni aliwafundisha watu wazima wa mjini Kiingereza bila kutoza senti, akazungumza nao habari za nchi. Kwa muda mfupi alishika pia kazi ya kukagua bei madukani, akaiacha alipoona taarifa zake juu ya bei za udanganyifu hazifuatwi. Ndipo mwaka 1949 akaenda Edinburgh kusoma historia na uchumi na falsafa mpaka 1952. Fikirini basi ni mtu wa namna gani aliyekaa mbele ya vitabu vile. Alipokutana na neno “haki” katika kurasa za wanafalsafa, alikuwa amekwisha kuiona mizani ya duka la Tabora. TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954, lakini sisi twaona baadhi ya mizizi yake katika yale madarasa ya jioni.

Yeye huyo alikuwa na mfano aliopenda kuwapa wasomi. Kijiji kimeingiwa na njaa; watu wanatoa chakula chote kilichobaki, wanampa mmoja wao, ili apate nguvu za kwenda mbali kuwaletea chakula. Akila, akaenda, asirudi, mtu huyo ni msaliti. Mfano huo ulijaribiwa upesi. Serikali ilipotangaza kwamba wahitimu waingie Jeshi la Kujenga Taifa kwa miaka miwili, na katika muda mrefu wa miaka hiyo wafanye kazi zao kwa asilimia 40 tu ya mshahara, wanafunzi wa Dar es Salaam waliandamana hadi Ikulu, tarehe 22 Oktoba 1966. Liko bango lililosema kwamba afadhali ukoloni. Rais aliwasikiliza, kisha akasema nao kwa hasira. Akaupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20 palepale, na wanafunzi karibu 400 wakarudishwa makwao. Wengi walipokewa tena chuoni mwaka uliofuata.

Habari hii husimuliwa kwa kuwacheka wanafunzi wale, nasi hatupendi kuwacheka. Liko neno la kweli katika malalamiko yao, nalo ni kwamba wakubwa wenye mishahara mikubwa hawakuguswa, na mzigo ukawekwa juu ya vijana. Yaonekana Rais naye alilisikia neno hilo, maana baada ya miezi mitatu na nusu, tarehe 5 Februari 1967, Azimio la Arusha liliwafunga viongozi wenyewe kwa masharti. Kinachotusikitisha sisi ni kitu kingine: ya kwamba utumishi ulifika kwao kwa sura ya amri na makato, kabla hawajaujua kwa sura ya mjane wala ya kisima. Binti za Shalumu hawakuandikiwa barua na mfalme. Mtu anayekwisha kupenda kazi ya ukuta atavumilia hata amri yenye ukali. Lakini asiyewahi kuinua jiwe, kwake kila jiwe ni dhuluma.

Kwa hiyo twakuandikia wewe, kijana wetu usomaye siasa, ambaye labda baba yako anakusomea ukurasa huu wakati wa likizo. Karo yako haikutoka mfukoni mwa baba peke yake. Kama umekopeshwa na Bodi ya Mikopo, fedha ile ni ya watu, na miongoni mwao ni mama auzaye nyanya, alipaye kodi katika kila kipande cha sabuni. Unadaiwa, hata kabla ya deni lile la karatasi kuanza kukatwa. Lakini hatukusemeshi kama mdai tu. Twakuambia kwamba kijijini kwako kuna sehemu ya elimu yako ambayo chuo hakiwezi kukupa.

Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 umeisoma, au utaisoma. Yasema kwamba kila mkazi wa kijiji aliyefika miaka 18 ni wa Mkutano Mkuu wa Kijiji. Kwamba halmashauri ya kijiji ina watu 15 mpaka 25. Na mkutano ule hutakiwa kukutana kila miezi mitatu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yasema kwamba mwanamke ana haki ya kupata na kushika ardhi sawa na mwanamume. Haya kwako ni swali la mtihani. Kwa mama mjane ambaye shemeji zake wanakata migomba yake wakati wa matanga, ni shamba au njaa. Naye hayajui. Mwenyekiti wa kitongoji pengine hayajui pia, maana hakuna aliyemfundisha; tusiwe wepesi wa kumhukumu. Mara nyingi Mkutano Mkuu haukutani kwa sababu watu wamechoka kuitwa na kusomewa hesabu wasizozielewa, nao hesabu hawakuzielewa kwa sababu zilisomwa kwa haraka, kwa maneno ya ofisini, jua likiwa utosini.

Basi likizo ijapo, fanya kama Nehemia. Kaa siku tatu kimya. Nenda kisimani, nenda zahanati ukakae benchini na wagonjwa, nenda shambani na wajomba zako ukalime, maana ukiona haya kushika jembe hawatakuambia neno lolote la kweli. Usitoe hotuba. Ukiona ni kitu gani kimebomoka mkabala wa nyumba yenu, hicho ndicho kipande chako. Usianze na taifa zima. Labda mwandishi wa kijiji ataka mtu wa kumsaidia kunakili kumbukumbu za mkutano kwa mwandiko unaosomeka. Labda akina mama wa kikoba wataka kufundishwa kuandika daftari la mapato na matumizi, ili wasigombane kila mwisho wa mwaka. Labda bibi zako watano wataka kusoma. Msidhani kwamba kufundisha kusoma ni kazi ndogo: mwaka 1967 karibu watu wazima 67 katika kila 100 wa nchi yetu hawakujua kusoma na kuandika, na mwaka 1977 walikuwa wamebaki kama 27. Waliofanya kazi ile kwa sehemu kubwa walikuwa watu wa kawaida, wakifundisha chini ya miti kwa posho ndogo sana, na wengi wao majina yao hayakuandikwa popote.

Utakutana na mambo mawili ya kukujaribu. La kwanza ni karatasi. Twasikia kwamba waajiri siku hizi huuliza kama mtu amewahi kujitolea, na wako vijana wanaofagia soko nusu saa, wapigwe picha kwa simu, wapewe cheti, waondoke kabla taka hazijazolewa. Ukipewa cheti kipokee, si dhambi. Lakini wazee wa kijiji wana macho. Wanamjua aliyekuja kwa ajili ya taka na aliyekuja kwa ajili ya picha, na siku utakapowaomba wakuamini katika neno zito, watakumbuka.

La pili ni chama. Mara utakapoonekana umekaa na watu, watakuja wenye vyama wakitaka kukuvika rangi zao. Ni haki yako kuwa na chama, wala hatuna neno la kukukataza. Lakini daftari la akina mama lisiwe na rangi, wala darasa la kusoma lisiwe mlango wa kuombea kura. Sanbalati na Geshemu walimwita Nehemia mara nne ashuke wakutane katika kijiji kimoja cha bondeni, naye akawajibu kila mara kwamba ana kazi kubwa, hawezi kushuka. Wala usishangae mwenyekiti akikuogopa, akidhani umekuja kuchungulia hesabu zake. Mwendee kwanza yeye, kabla hujaenda kwa watu. Mpe heshima yake kama mzazi. Mwambie unataka kumsaidia kuandaa mkutano. Akikataa, subiri, ulime, ufundishe bibi zako. Barua ya mfalme nayo ilichukua miezi minne ya maombi kabla haijaombwa.

Na sasa neno kwenu, wazee wa kanisa na wainjilisti. Kijana huyu akirudi, twamfanya nini? Kwa kawaida twamwita mbele ya kanisa asalimu, twampigia makofi, kisha twamwachia kiti cha mbele siku ya harusi. Huko ndiko kumfundisha kwamba siasa ni kiti! Au, kama amevaa mavazi tusiyoyapenda, twamnong'ona mpaka ahamie sokoni kwa wenye kumsikiliza. Jumba la mafundisho ya kipaimara hukaa tupu tangu Jumatatu hata Ijumaa, na taa ipo. Hesabu za usharika wenyewe, je, zinasomwa kwa namna ambayo mkulima wa mwisho kule nyuma anaelewa? Kijana wa siasa anaweza kuanza hapo hapo, kwa kuziandika kwa herufi kubwa ukutani, mchango wa mtu na matumizi ya shilingi. Mtunza hazina asiyependa jambo hilo na amsome tena yule wa Leisnig mwenye kufuli nne.

Likizo ya vyuo i karibu. Mwinjilisti wa kila mtaa na aandike majina ya wanafunzi watakaorudi, pamoja na mambo wanayosoma, aliwasilishe karatasi hilo katika baraza la wazee kabla ya Jumapili ya mwisho wa mwezi. Na ufunguo wa jumba la mafundisho, ambao kwa sasa hukaa nyumbani kwa mzee mmoja tu, ukakatiwe wa pili.